Nasaha kwa Watu wa Nyumbani: Sitara Yetu Katika Intaneti



Miongoni mwa adabu ambazo Mwenyezi Mungu Mtukufu ametufunza katika Surat An-Nur, aya ya 27 na ya 28, ni kwamba tusiingie nyumba zisizokuwa zetu mpaka tuombe ruhusa na tuwatolee salamu wenyewe. Na tukiambiwa turudi, basi turudi. Na katika sura hiyo hiyo, aya ya 58, hata watoto na watumishi wa ndani wamewekewa nyakati tatu za kuomba ruhusa: kabla ya sala ya Alfajiri, na adhuhuri watu wanapovua nguo zao ili wapumzike, na baada ya sala ya Isha. Tena imepokewa katika vitabu vya Bukhari na Muslim kwamba mtu mmoja alichungulia chumbani kwa Mtume (S.A.W.) kwa tundu ya mlango, naye Mtume anacho mkononi kichanuo cha chuma; akamkemea mtu yule kwa ukali, akafahamisha kwamba kuomba ruhusa kumewekwa kwa ajili ya jicho. Basi tufahamu kwamba aliyechungulia amekwisha ingia, hata kama mguu wake haujavuka kizingiti.

Wazee wetu wa pwani waliifahamu adabu hii hata wakaijenga kwa mawe. Zitazameni nyumba za kale za Lamu. Mgeni hufika kwanza kwenye daka lenye viti vya mawe, kisha hupita tekani, na njia imepindwa ili apitaye barabarani asiuone uwanja wa ndani. Mgeni akakirimiwa, na watu wa ndani wakakaa katika sitara yao. Wala hapana aliyesema kwamba mwenye nyumba ile amejenga hivyo kwa kuwa ana maovu ayafichayo.

Lakini siku hizi kimeingia nyumbani kitu kisichokuwa na daka wala hodi, nacho ni simu ya mkononi pamoja na intaneti iliyomo ndani yake. Simu hulala mtoni pamoja nasi, hujua saa tuamkapo, hujua maradhi tuyaulizayo, madeni tudaiwayo, na jamaa tuwapigiao. Wahenga walisema, siri ya mtungi aijuaye kata. Na kata ya zama zetu ni simu. Nasi kila tunapowausia wazazi na vijana wajilinde, twajibiwa na wengi wao, "Mimi sina cha kuficha." Neno hilo ndilo tulikusudialo kulijibu mwezi huu, kwani lina kosa kubwa ndani yake. Mtu akoga hufunga mlango, na kuoga si dhambi. Sitara si alama ya uovu. Sitara ni haki ya mtu, na ni amana ya watu wa nyumba yake walio pamoja naye.

Tutatoa mfano mmoja unaotuhusu sana Waislamu. Iko programu ya simu iitwayo Muslim Pro, itumiwayo kwa kujua nyakati za sala na kuelekea kibla. Mwezi wa Novemba 2020 waandishi wa Motherboard, wa shirika la habari la Vice huko Marekani, walitangaza kwamba programu hiyo, ambayo ilikuwa imekwisha pakuliwa mara zaidi ya milioni 98, ilikuwa ikipeleka habari za mahali walipo watumiaji wake kwa kampuni iitwayo X-Mode. Na kampuni hiyo ikiuza habari za namna hiyo kwa wakandarasi, na kwa njia yao zikafika katika jeshi la Marekani. Wenye Muslim Pro walikana kwamba waliliuzia jeshi, wakatangaza kuwa wamekata uhusiano na X-Mode. Mwezi wa Desemba mwaka ule ule Apple na Google waliwaamrisha watengenezaji wa programu waitoe kazi ya X-Mode katika programu zao. Na mwezi wa Januari 2024, Tume ya Biashara ya serikali ya Marekani ikaikataza kampuni hiyo, iliyokwisha badili jina ikaitwa Outlogic, isiuze tena habari za mahali pa siri za watu, kama vile zahanati na nyumba za ibada.

Angalieni basi, ndugu zetu. Mtu alitaka kujua tu saa ya Alasiri, naye hakuwa akificha lolote. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako.

Huenda mtu akasema, "Habari hizo hazina jina langu, basi zitanidhuru nini?" Hapa ndipo wengi wanapodanganyika. Simu ambayo kila usiku hulala katika nyumba moja, na kila alfajiri huenda msikiti mmoja, na kila asubuhi hukaa katika duka moja, haihitaji kutajwa jina. Atakaye kumjua mwenyewe atauliza tu nyumba ile ni ya nani.

Na jambo hili limekwisha thibiti tangu zamani. Mwezi wa Agosti 2006 kampuni ya AOL ya Marekani ilitoa hadharani maneno yapatayo milioni 20 ambayo watu wake wapatao 650,000 waliyaandika kwa kutafuta habari katika muda wa miezi mitatu. Majina yaliondolewa, na kila mtu akapewa namba. Haikupita wiki, waandishi wa gazeti la New York Times wakaifuata namba moja kwa yale iliyoyatafuta, wakafika mpaka mlangoni kwa bibi mmoja mjane. Na ajabu zaidi ni kwamba maradhi aliyokuwa akiyatafuta hayakuwa yake. Alikuwa akiwatafutia rafiki zake. Mwenye kuisoma orodha ile angelisema, "Huyu ni mgonjwa wa hiki na hiki," naye angelikuwa amemzulia.

Sasa tuikumbuke aya ya 12 ya Surat Al-Hujurat. Mwenyezi Mungu ametukataza humo mambo matatu kwa kufuatana: kudhani sana, kisha kupeleleza, kisha kusengenyana, na kusengenya kukafananishwa na kula nyama ya ndugu aliyekufa. Twaitazama biashara hii ya habari za watu, twaona imesimama juu ya mambo hayo hayo matatu. Hupeleleza nyendo za mtu, hudhani kwa nyendo hizo kwamba yeye ni wa namna fulani, kisha huenda kumtaja kwa mwingine kwa malipo. Basi ajilindaye na hayo si mwenye wasiwasi, bali anafunga mlango wake.

Na ili mtu aufunge mlango, sharti aujue ulipo. Milango mikubwa ni minne.

Wa kwanza ni anwani. Ufunguapo ukurasa wowote wa intaneti, simu yako haina budi kutoa anwani yake, iitwayo anwani ya IP, kwani bila ya anwani jibu halina pa kurudi. Kampuni iliyokuuzia bando yaijua anwani hiyo, nayo laini yako imesajiliwa kwa jina lako.

Wa pili ni vidakuzi. Hivi ni vijikaratasi ambavyo ukurasa wa intaneti huviacha katika simu yako ili ukutambue utakaporudi. Vilibuniwa mwaka 1994 na Lou Montulli wa kampuni ya Netscape, na asili yake ilikuwa jambo jema, kama muuza duka akumbukaye kikapu cha mnunuzi. Lakini baadaye wenye matangazo wakaviweka vya kwao katika kurasa nyingi, hata ukitoka ukurasa huu kwenda ule wakawa wanakufuata nyuma.

Wa tatu ni ruhusa. Programu huomba kujua mahali ulipo, kusikia kwa kipaza sauti, kuona picha, na kusoma majina ya watu uliowahifadhi. Nasi hubonyeza "Kubali" bila ya kusoma. Kumbukeni kwamba ukikubali programu isome majina hayo, umetoa namba za shangazi, na jirani, na mwalimu wa mtoto, na wao hawakukutuma.

Wa nne ni sisi wenyewe, kwa yale tunayoyaandika na picha tunazozituma.

Na dawa zake ni hizi, nazo hazihitaji elimu kubwa.

Kwanza, ingia katika Mipangilio ya simu, tazama Ruhusa moja baada ya moja, na kila programu isiyohitaji kujua mahali ulipo, inyime. Ile inayohitaji, ipe wakati unapoitumia tu. Programu nyingi za nyakati za sala hukubali uandike jina la mji wako badala ya kufuatwa kila uendako. Na ama kibla, Makka ipo karibu na mstari wa longitudo wa nyuzi 40, na miji yetu ya Mombasa, Unguja na Dar es Salaam haiko mbali na mstari huo huo. Kwa hivyo kibla chetu sisi watu wa pwani ni kaskazini, kwa tofauti ndogo mno. Wazee wetu walikijua kwa nyota. Hapana haja ya kuuza nyendo zako zote ili uambiwe kaskazini ni wapi. Na hapo hapo katika Mipangilio kipo kitambulisho cha matangazo. Katika simu za Android waweza kukifuta, na katika iPhone, tangu mwaka 2021, programu sharti ikuombe kabla ya kukufuatilia, nawe waweza kukataa.

Pili, katika kivinjari chako zuia vidakuzi vya watu wengine, na ufute vilivyokwisha kusanyika. Viko vivinjari kama Firefox na Brave ambavyo huzuia wafuatiliaji wengi, na kwa kutafuta habari iko DuckDuckGo ambayo msingi wake ni kutoweka kumbukumbu za mtafutaji. Unapoandika siri yoyote, tazama anwani ya ukurasa ianze na https, maana yake ni kwamba maneno yamefungwa kwa fumbo njiani. Ama ile iitwayo hali fiche, msiitegemee kupita kadiri yake. Kazi yake ni kumficha mtu na yule atakayeishika simu hiyo baada yake. Haimfichi na kampuni ya simu wala na kurasa anazozitembelea. Google ilishtakiwa Marekani mwaka 2020 kwa kuendelea kukusanya habari za watu waliokuwa katika hali hiyo, na mwaka 2024 ikakubali kufuta mabilioni ya kumbukumbu.

Tatu ni VPN, ambayo vijana huipenda sana. Mfano wake ni kupita katika handaki. Kampuni ya simu haioni uendako, na ukurasa uendao hauioni anwani yako. Lakini mwenye handaki huona, na siri yako umeihamisha tu kutoka mkono huu kwenda mkono ule. Handaki la bure la mtu usiyemjua ni la kuogopwa. Tena sheria za nchi zatofautiana. Nchini Tanzania, Mamlaka ya Mawasiliano ilitangaza mwezi wa Oktoba 2023 kwamba watumiaji wa VPN watoe taarifa zao kwake. Basi kila mtu aulize sheria ya mahali alipo kabla ya kuitumia. Iko pia Tor, ambayo asili yake ni maabara ya jeshi la wanamaji la Marekani, ikatolewa kwa watu wote mwaka 2002. Hiyo hupitisha habari katika vituo vitatu, na hakuna kituo kimoja kijuacho kwa pamoja atokako mtu na aendako. Lakini hata Tor haimfai mtu ambaye akishaingia huandika jina lake na namba yake. Huyo ni kama aliyejifunika buibui gubigubi, kisha akajitaja kwa sauti sokoni.

Nne, neno la siri liwe refu, wala lisitumike moja kila mahali, na uweke uthibitishaji wa hatua mbili. Namba ya siri ya pesa za simu usimpe mtu yeyote, hata akisema yeye ni wa kampuni. Na mwenye kutumia kompyuta ya watu wote asiondoke mpaka ajitoe.

Tano, tuzungumze juu ya picha, na hapa twaomba mama zetu na dada zetu watusikilize vizuri. Katika harusi zetu wanawake hukaa peke yao, wakavua mabuibui, wakajipamba, wakacheza, na hilo halina ubaya katika faragha yao. Lakini simu moja tu yatosha kuibomoa faragha hiyo. Binti hupigwa picha bila ya kujua, picha ikatumwa kwa rafiki mmoja "peke yake", rafiki akaituma kwa kundi, na kabla ya alfajiri imo mikononi mwa wanaume ambao hawakualikwa hata barazani. Picha iliyokwisha toka hairudi. Aliyeaibishwa hapo hakukosa lolote. Aliyekosa ni mpigaji, na kila aliyeipitisha mbele. Twausia kila mwenye harusi aseme mapema kwamba simu zitaachwa mlangoni, wala asione haya kusema hivyo, maana anailinda amana ya watu aliowaalika.

Na picha za watoto ni vivyo hivyo. Mzazi huweka picha ya mtoto na jina lake, na sare ya shule yake, na siku yake ya kuzaliwa. Amekwisha mwambia kila mpita njia mtoto ni nani, na asubuhi hupatikana wapi. Tena picha iliyopigwa kwa simu huweza kubeba ndani yake mahali ilipopigwa, ikiwa kamera imeruhusiwa kujua mahali. Mtoto hana ulimi wa kukataa leo. Sisi ndio tuliopewa amana ya kukataa kwa niaba yake.

Zipo pia sheria. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 pamoja na Kamishna wake, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwezi wa Mei 2023, pamoja na Tume yake. Aliyedhulumiwa habari zake anapo pa kushtaki, naye asinyamaze.

Lakini haitakuwa insafu tukiwalaumu wafanyabiashara wa mbali na sisi wenyewe tukajisahau. Aya ile ya Al-Hujurat haikushuka kwa ajili ya makampuni. Imetusemesha sisi tulioamini. Mume au mke ambaye huiba simu ya mwenziwe usiku na kusoma ujumbe wake, au akatia humo programu ya upelelezi, amechungulia kwa tundu ya mlango. Ama mzazi na mtoto wake mdogo, hilo ni jambo jingine, kwani kila mmoja wetu ni mchunga naye ataulizwa juu ya alichokichunga. Lakini mchunga hulinda mchana kweupe. Mwambie mwanao kwamba utaitazama simu yake, na sababu yake, na simu zote zilale sebuleni usiku. Umvizie kwa siri, utamfunza naye kuvizia na kuficha.

Na kwenu vijana tuna neno moja zaidi. Jina la kupanga laweza kuwa sitara njema. Binti aulizaye daktari jambo la maungo yake, au aliyedhulumiwa anayeogopa kujitaja, hao wana udhuru. Lakini wapo wanaojificha nyuma ya jina la uongo ili watukane masheikh na wazee, wavunje heshima za mabinti, au watazame yale wasiyoweza kuyatazama mbele ya mama zao. Hiyo si sitara. Sitara ni ya kumlinda mtu na dhuluma ya watu. Haikuwekwa ili kumlinda mtu katika kudhulumu. Na yule ambaye anwani ya IP hamzuii, wala handaki halimfungi macho, na Malaika wake wawili waandikao kulia na kushoto, kwake hakuna hali fiche.

Mtume (S.A.W.) ametufahamisha kwamba mwenye kumsitiri Muislamu, Mwenyezi Mungu atamsitiri duniani na akhera. Basi kazi ya mwezi huu ni ndogo, na inaweza kufanywa usiku huu huu baada ya Isha: watu wa nyumba wakae pamoja, kila mmoja aishike simu yake, zifungwe ruhusa zisizo na haja, na zifutwe zile picha za watu wengine ambao hawakuturuhusu kuwa nazo. Hizo za mwisho ndizo za kuanzia.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azisitiri nyumba zetu, ailinde heshima ya watoto wetu, na atuepushe na kuwavunjia wengine sitara zao. Amin.

Wabillahi tawfiq.